Sindano Moja Kabla ya Kisu: Antibaiotiki na Operesheni ya Pua

Swali limetoka kwa mwalimu wa skuli wa Wete, Pemba. Ameandika hivi: "Daktari, assalaamu alaykum. Nina umri wa miaka 38. Tundu ya kushoto ya pua yangu imeziba tangu nilipoanguka kwenye mkarafuu nikiwa kijana, na sasa nimepangiwa kunyooshwa ukuta wa pua huko Unguja mwezi ujao. Daktari atakayenipasua ameniambia kwamba nitachomwa sindano moja tu ya antibaiotiki nikiwa tayari nimeshalazwa, na sitapewa vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Jirani yangu aliyefanyiwa operesheni kama hiyo miaka ya nyuma alipewa dozi ya siku saba. Bi mkubwa wangu hana raha kabisa. Anasema kinga ni bora kuliko tiba, na ameshanunua dawa dukani akaniwekea kabatini. Je, nizitumie? Na kama hazina haja, kwa nini jirani yangu alipewa?"

Waalaykumu salaam, Mwalimu. Nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake kwa urefu, kwa kuwa najua jibu fupi halitamtuliza bi mkubwa. Usizitumie dawa hizo. Daktari wako amekupangia sawasawa. Kwa mtu mzima mwenye afya njema anayenyooshwa ukuta wa pua, yaani ule unaotenganisha tundu mbili, antibaiotiki ya kinga, ikiwa itatolewa, hutolewa mara moja kwenye mshipa, muda mfupi kabla ya kisu kugusa pua, na vidonge vya wiki nzima baada ya hapo havimwongezei mgonjwa kinga yoyote iliyothibitishwa, ila vinaweza kumwongezea madhara.

Msemo wa bi mkubwa ni wa kweli, na katika jambo hili ni wa kweli kuliko anavyodhani, maana kinga siku zote hutangulia. Wewe ni mtu wa Pemba na hauhitaji mfano wa mbali. Karafuu zikiwa zimeanikwa juu ya jamvi na wingu likaanza kufunga, watu wote wa nyumba hukimbilia kuanua kabla tone la kwanza halijaanguka. Wakichelewa zikalowa, hata wazifunike kwa maturubai matatu hawatairudisha rangi yake, na turubai lenyewe huenda likafungia unyevu ndani na kuzidisha ukungu. Antibaiotiki ya kinga ndiyo huko kuanua kabla ya mvua. Kazi yake ni kuwa imeshafika ndani ya damu na ndani ya nyama za pua wakati kisu kinapopita, ili vijidudu vitakavyoangukia kwenye jeraha bichi vikute dawa inavisubiri. Jeraha likishafungwa na damu ikaganda, dawa inayomezwa kesho yake hupenya kwa taabu kwenye bonge la damu, na vijidudu vilivyopata nafasi vimeshaanza kuzaana.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwaka 1961 daktari wa upasuaji John Burke wa Boston, Marekani, alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa wanyama wa maabara: aliwapandikizia vijidudu chini ya ngozi, kisha akawapa antibaiotiki kwa nyakati tofauti, wengine kabla, wengine papo hapo, wengine baadaye. Waliotangulia kupewa dawa walipata uvimbe mdogo sana. Waliopewa baada ya saa tatu hivi walikuwa sawa na ambao hawakupewa kitu. Miaka thelathini baadaye ukaja ushahidi wa binadamu: mwaka 1992 watafiti wa Salt Lake City, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 2,847 waliofanyiwa operesheni za kupangwa za aina mbalimbali. Katika waliopewa antibaiotiki ndani ya saa mbili kabla ya kukatwa, asilimia 0.6 tu ndio waliopata maambukizi ya jeraha. Waliopewa mapema mno, zaidi ya saa mbili kabla, walifikia asilimia 3.8. Waliopewa baada ya kupita saa tatu tangu operesheni ianze walikuwa asilimia 3.3. Hizo hazikuwa operesheni za pua, na nakwambia wazi ili usije ukadhani nimezichanganya, lakini kanuni ya wakati ni moja kwa mwili mzima.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji mwaka 2008, yenye vipengele 19, kimojawapo kilikuwa swali linaloulizwa kwa sauti kabla ya ngozi kukatwa: je, antibaiotiki ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita? Orodha hiyo ilijaribiwa kwanza katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, Tanzania Bara. Nafurahi kila ninapolikumbuka hilo, maana kanuni hizi mara nyingi huonekana kama zimetungwa kwa ajili ya hospitali za matajiri peke yao. Mwaka 2016 shirika hilo hilo likatoa mwongozo wa kuzuia maambukizi ya majeraha ya upasuaji, likaeleza kwamba pale kinga inapohitajika itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kukata, kwa kuangalia muda ambao dawa yenyewe hukaa mwilini, na kwamba isiendelezwe baada ya operesheni kumalizika.

Nikuonyeshe litakavyokuwa siku hiyo, ili usilione dogo. Utakuwa umelala chali, umewekewa kanula, yaani kimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa, mkononi. Mtaalamu wa usingizi atachukua kichupa kidogo chenye unga mweupe, mara nyingi ni sefazolini, ataingiza maji ya sindano ndani yake na kukitikisa mpaka unga wote uyeyuke na dawa iwe angavu. Gramu 2 kwa mtu mzima. Ataisukuma polepole kwenye kanula, atainua macho kutazama saa ya ukutani, na ataandika kwenye fomu saa na dakika. Mimi binafsi sishiki kisu mpaka niisikie dakika hiyo ikisomwa. Operesheni ya kunyoosha ukuta wa pua kwa kawaida humalizika mapema kabla ya zile saa nne ambazo zingelazimisha dozi ya pili ya sefazolini. Kwa hiyo unapoamka, kinga yako imeshafanya kazi yake yote.

Sasa tuje kwenye pua yenyewe, maana bi mkubwa atauliza, na ana haki ya kuuliza: pua ni mahali penye uchafu, inapitisha vumbi na makamasi mchana na usiku, vipi jeraha lake lisioze? Ni kweli kwamba sisi huihesabu operesheni ya pua kuwa si safi moja kwa moja kama ya goti au ya jicho, kwa sababu vijidudu huishi humo kwa kawaida. Takriban watu watatu katika kila kumi wanabeba puani kijidudu kiitwacho Stafilokokasi aureasi bila ya kuumwa na chochote. Lakini pua imeumbwa kuishi nao. Inapata damu nyingi kutoka mishipa ya ndani na ya nje ya kichwa, na mahali penye damu nyingi hupona upesi. Utando wake una vinyweleo visivyoonekana kwa macho ambavyo hufagia makamasi kuelekea kooni bila ya kusimama. Na makamasi yenyewe, ambayo sote tunayadharau, yana dawa ndani yake. Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini mwaka 1928, miaka michache kabla alikuwa ameshagundua kitu kiitwacho lisozimu, chenye uwezo wa kuyeyusha baadhi ya vijidudu, na alikipata katika makamasi yake mwenyewe alipokuwa na mafua. Alikichapisha mwaka 1922. Kwa sababu ya ulinzi huo wote, maambukizi baada ya kunyoosha ukuta wa pua ni machache, hata kwa wasiopewa antibaiotiki yoyote.

Nisikufiche, basi, kwamba wapo madaktari ambao hawatoi hata ile sindano moja, na wana hoja. Mwongozo wa kitaifa wa Scotland wa mwaka 2008 haukupendekeza antibaiotiki ya kinga kwa operesheni za kawaida za pua na za matundu ya uso, wala kwa kutoa tonsesi na nyama za puani. Uliipendekeza kwa operesheni ngumu za kurekebisha pua, hasa zinapowekwa vipandikizi vya gegedu, yaani ule mfupa laini kama wa sikioni, na hata huko ulisema isipite saa 24. Chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani nacho mwaka 2017 kiliwaelekeza wanachama wake wasiandike kwa mazoea antibaiotiki ya zaidi ya saa 24 baada ya operesheni ya kurekebisha umbo la pua. Rai yangu ni kwamba sindano moja kwa mtu kama wewe, ambaye ukuta wake ulivunjika zamani na huenda ukahitaji kazi kubwa zaidi ya ilivyotarajiwa, ni uamuzi wa busara, na kama daktari wako angeamua kutokupa kabisa nisingemlaumu. Tunachokubaliana sote, tunaotoa na tusiotoa, ni kwamba vidonge vya siku saba havina nafasi.

Kwa nini jirani yako alipewa? Kwa sababu sisi madaktari tuliviandika. Nami niliviandika kwa miaka mingi, amoksilini siku saba kwa kila niliyempasua pua, na sikuwahi kujiuliza nimeipata wapi namba saba. Nilimwona mwalimu wangu akiandika hivyo. Kwa wagonjwa wa Pemba kulikuwa na sababu nyingine isiyosemwa: mgonjwa akishapanda boti kurudi bandari ya Mkoani, Pemba, daktari wa Unguja hana hakika kama atamwona tena, na vidonge vikawa kama amana anayompa aondoke nayo ili moyo wa daktari utulie. Naielewa hofu hiyo. Lakini vidonge viliutuliza moyo wangu mimi, na aliyelipa gharama ni mgonjwa. Nakumbuka mama mmoja aliyerudi siku ya tano akiwa ameshikwa mkono na mwanawe, pua inapona vizuri kabisa, na yeye hawezi kusimama kwa kuharisha. Hakuwa na ugonjwa wowote isipokuwa dozi niliyompa mimi.

Kuharisha si jambo dogo, na si peke yake. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 79,058 katika hospitali za wanajeshi wastaafu za Marekani, waliofanyiwa operesheni za moyo, viungo, utumbo mpana na mishipa ya damu. Kadiri antibaiotiki ya kinga ilivyoendelezwa zaidi ya siku moja, ndivyo walivyozidi walioumia figo na waliopata kuharisha kubaya kunakosababishwa na kijidudu kinachostawi pale vijidudu vyema vya tumboni vinapouawa, na maambukizi ya majeraha hayakupungua. Ongeza hapo vipele na muwasho, na mara chache ule mzio mkali unaofunga koo na kushusha presha, ambao ukimkuta mtu usiku nyumbani kijijini, mbali na hospitali, unaweza kumuua.

Kisha kuna usugu. Vijidudu vilivyokumbana na dawa bila ya kufa vyote hubakisha vilivyo vigumu, na hivyo ndivyo vinavyokaa puani, kooni na tumboni mwako, na ndivyo unavyowagawia watoto unaolala nao chumba kimoja. Fleming mwenyewe alilionya hilo mwaka 1945 katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobel: kwamba itafika siku penisilini itanunuliwa na yeyote dukani, na mjinga atajipa dozi pungufu na kuwafundisha vijidudu kuishinda. Siku hiyo tunayo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet yanasema kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya vijidudu sugu, na mzigo mkubwa zaidi uko katika Afrika kusini mwa Sahara. Ndio sisi.

Hukuniambia ni dawa gani aliyonunua bi mkubwa, na jina lake lina maana. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017 limezigawa antibaiotiki katika makundi matatu: zile za kutumika mwanzo, ambamo zimo amoksilini na sefazolini, zile za kuchungwa, ambamo zimo seftriaksoni, azithromaisini na siprofloksasini, na zile za akiba, za kuokolea pale nyingine zote zilipokwama. Nina wasiwasi sana na kundi la pili. Azithromaisini ya vidonge vitatu imekuwa ikinunuliwa kama peremende kwa kila kikohozi, na seftriaksoni huchomwa kwa mazoea kwa magonjwa yasiyoihitaji. Kuzitumia kwa pua inayopona yenyewe ni kuzichosha, na siku mtoto wako akipata homa ya uti wa mgongo seftriaksoni ndiyo tutakayoihitaji iwe na nguvu. Na hata zikiwa zile kapsuli za rangi mbili zilizozoeleka, ushauri wangu ni ule ule.

Nimesema sana kuhusu vijidudu, na sasa nataka kusema zaidi kuhusu kile kinachoniogopesha kwelikweli baada ya operesheni hii, kwa sababu mtu anayemeza vidonge hujiona salama na huacha kutazama. Ukuta wa pua ni gegedu jembamba lisilo na mishipa yake ya damu. Linalishwa na utando uliolifunika pande mbili. Katika operesheni tunauinua utando huo, tunanyoosha au kutoa sehemu iliyopinda, kisha tunaurudisha. Damu ikivujia katikati ya utando na gegedu na kukusanyika, gegedu linakatiwa chakula. Ndani ya siku chache linaanza kufa, na ile damu iliyotuama huwa usaha. Niliwahi kuletewa kijana aliyekuwa ameumia pua, aliyekaa nyumbani siku sita akimeza dawa za duka la dawa, homa ikipanda na kushuka, watu wakimwambia avumilie kwa kuwa yuko kwenye dozi. Nilipomulika tochi, tundu zote mbili zilikuwa zimejaa uvimbe laini mwekundu wa zambarau uliokutana katikati. Nilipougusa kwa ncha ya pamba ulibonyea. Tuliufungua, usaha ukatoka, maisha yake yakanusurika, lakini gegedu lilikuwa limekwisha, na leo mgongo wa pua yake umedidimia katikati kama tandiko la punda. Dawa alizomeza hazikutibu damu iliyotuama. Zilipunguza maumivu na homa kiasi cha kumchelewesha tu. Tiba ya damu iliyotuama ni kuitoa.

Jambo la pili ni chachi ya kuzibia pua. Madaktari wengi siku hizi hawazibi pua baada ya operesheni hii, hushona utando pande zote mbili kwa uzi unaoyeyuka au huweka vibao laini vya silikoni, na ningependa umuulize wako atafanya nini. Akiziba kwa chachi, kwa kawaida huiacha saa 24 mpaka 48, kisha huitoa. Kuna hatari adimu lakini kali, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza kitabibu mwaka 1978, ambapo Stafilokokasi aliyejificha kwenye kitu kilichozibwa mwilini hutoa sumu inayoingia kwenye damu. Dalili zake ni homa kali ya ghafla, kutapika na kuharisha, ngozi kuwa nyekundu kama iliyobabuliwa na jua, kizunguzungu na presha kushuka. Wengi walidhani kwamba vidonge vya kinga vinaizuia. Hilo halijathibitika, na wapo walioipata wakiwa kwenye antibaiotiki. Kinachomwokoa mgonjwa ni kuitoa chachi mara moja na kumfikisha hospitali.

Kwa hiyo, Mwalimu, nakuomba jambo hili kwa msisitizo: usipande boti kurudi Pemba ukiwa na chachi puani. Panga kabisa kukaa kwa jamaa Unguja siku tatu au nne, chachi itolewe, daktari akumulike, ndipo usafiri. Boti ikichafukwa na bahari ukatapika, nguvu ya kutapika pekee inatosha kuamsha damu, na katikati ya mkondo hakuna wa kukusaidia.

Sindano moja kabla ya kisu ni kwa mtu kama wewe, na wapo ambao hesabu yao ni tofauti. Mwenye usaha tayari kwenye matundu ya uso hahitaji kinga, anahitaji matibabu, na hayo yana dozi na siku zake. Anayewekewa kipandikizi cha gegedu kutoka sikioni au ubavuni, anayefanyiwa operesheni ya pili au ya tatu, mwenye kinga dhaifu ya mwili, mwenye kisukari kisichotulia, hawa daktari anaweza kuwaongezea kwa sababu anayoweza kuieleza. Mwenye valvu ya moyo ya bandia, au aliyewahi kupata maambukizi ndani ya moyo, lazima aseme kabla, maana kwake kinga ni ya kulinda moyo pia. Kama uliwahi kuambiwa utotoni kwamba una tatizo la moyo, usilifiche kwa kuogopa kuahirishiwa operesheni.

Na kama uliwahi kutokwa na vipele ulipopewa penisilini, sema hivyo hivyo ilivyokuwa: ulikuwa na umri gani, vipele vilitoka siku ya ngapi, ulivimba midomo au hukuvimba, ulipumua vizuri au hukupumua. Wengi wanaojiita na mzio wa penisilini, wakipimwa huonekana hawana, na maelezo yako ndiyo yatakayomsaidia mtaalamu wa usingizi kuchagua kati ya sefazolini na dawa nyingine kama klindamaisini.

Utaniuliza kuhusu udhu, na kama hutaniuliza mwenyewe wataniuliza wengine. Kupandisha maji puani na kuyapenga ni mambo mawili ambayo pua iliyotoka kupasuliwa haiyawezi katika siku za mwanzo. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu walio wengi Visiwani, kupandisha maji puani katika udhu ni sunna, kwa hiyo kuiacha kwa udhuru hakubatilishi udhu wako, na sheikh wako atakueleza vizuri kuliko mimi. Kusujudu pia huijaza pua damu, basi katika siku za mwanzo uswali umekaa na uinamishe kichwa kidogo tu. Usipenge kwa wiki mbili hivi. Ukishikwa na chafya, iache itokee mdomoni.

Badala ya udhu wa puani utapewa kazi ya kusafisha pua kwa maji ya chumvi, na kazi hii, kwa maoni yangu, inakufaa kuliko vidonge vyote vilivyomo kabatini. Maji yachemshwe yatokote, yapoe yawe vuguvugu, yatiwe chumvi kwa kipimo utakachoonyeshwa, yatumike siku hiyo hiyo. Maji ya kisima au ya bomba yasiyochemshwa yasiingie puani. Usishtuke ukiona makamasi yenye damu damu, magamba meusi, au harufu isiyopendeza kwa siku kadhaa. Hayo ni mabaki ya damu yanayotoka, na ndiyo yanayowapeleka watu wengi mbio dukani kununua antibaiotiki bila ya sababu. Homa ndogo ya siku ya kwanza nayo ni ya kawaida.

Dawa zilizomo kabatini zisikae zikimsubiri mtu mwingine wa nyumba atakayeumwa na jino au koo. Mwulize mfamasia au hospitali ya karibu namna ya kuziteketeza. Na bi mkubwa usimwambie kwamba amekosea, maana kilichomfanya anunue ni mapenzi. Mpe kazi ya kinga iliyo ya kweli. Yeye ndiye achemshe maji. Anunue kipimajoto, na jioni kila siku kwa siku kumi za mwanzo akupime. Akusogeze kwenye mwanga akutazame puani kwa tochi ya simu, na akikuta mambo haya akupeleke hospitali usiku huo huo bila ya kusubiri asubuhi: homa inayopita nyuzi 38 baada ya siku ya pili, maumivu yanayozidi siku ya tatu na ya nne badala ya kupungua, tundu zote mbili kuziba ghafla kwa uvimbe laini, jicho kuvimba au kuona viwili viwili, kichwa kuuma na shingo kukakamaa, ngozi kuwa nyekundu pamoja na kutapika, damu isiyokoma kwa dakika ishirini za kuibana pua, au maji angavu yanayodondoka upande mmoja unapoinama. Kabla hujatoka wodini omba namba ya simu ya wodi, iandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikae mkononi mwake.